Matofali Nyuma ya Goli

Mipira inayokosa goli la chini la uwanja wa chuo huangukia kwenye ndengu zangu. Ile inayoingia pia huangukia humo humo, kwa sababu goli lenyewe halina neti, lakini hiyo ni michache kiasi kwamba haijawahi kuniharibia shamba. Kwa hivyo watu wakibishana sokoni kama safu ya mbele ya chuo chetu ni butu ama ina bahati mbaya tu, mimi sibishani. Naenda naangalia ndengu. Pale zilipolala, ujue Jumamosi straika alipiga.

Chuo chenyewe ni cha ufundi, kiko juu ya kilima upande huu wa Kalamba, na uwanja wake unateremka hadi kwenye ua wangu wa minyaa. Mbuzi walipita mahali pamoja miaka mingi mpaka minyaa ikachoka, pakabaki mwanya mpana kama mlango wa kanisa. Ndani ya mwanya huo, upande wangu, kuna rundo la matofali niliyochoma zamani nikiwa na mipango ya kujenga nyumba ya pili. Mipango iliisha, matofali yakabaki. Mke wangu huliita rundo hilo "ile nyumba". Mgeni akiniulizia siku ya mechi, yeye humjibu bila kutabasamu, "Yuko kwa ile nyumba, amekaa sebuleni."

Geti la uwanja liko upande wa pili. Kulifikia ni lazima uzunguke barabarani, upite posho mill, upande kilima. Sijawahi. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani kusubiri matokeo, na kusema kweli mpaka leo sijatoka. Safari yangu ndefu ni ya kanisani na kurudi. Kwa hivyo nimeutazama mpira wa chuo kile kutoka mahali pamoja tu, nyuma ya goli la chini, na wanapocheza kwenye goli la juu huwa naona vumbi na mikono iliyoinuliwa.

Lakini matofali yalinipa hadhi. Kila Jumamosi mashabiki walikuja wenyewe, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kukaa nyuma ya goli. Wawili hawakukosa. Mmoja ni jirani yangu mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa Kitui mjini, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Huyo Kiswahili chake kimepigwa pasi, na huwa anatusikiliza sisi wengine kama mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya. Wa pili ni kijana wa boda ambaye huegesha pikipiki yake kivulini kwangu na kuniita buda, yaani mzee kwa lugha ya vijana.

"Hawa vijana hucheza vizuri sana," mwenye duka angeanza, "mpaka wafike pale panapohitaji mchezo."

"Hiyo forwadi ni kama boda imeisha mafuta," angejibu wa boda. "Inasukumwa tu. Buda, si useme kitu?"

"Viungo hawaleti mpira," ningesema mimi.

"Mpira unaletwa! Unaletwa mpaka mlangoni, mwenyewe hafungui!"

Hapo mke wangu angetokea na ungo wa mbaazi za kuambua, achague tofali lake, na mjadala ungehama ghafla kutoka kwa namba tisa kwenda kwa winga wa kulia. Winga yule ametukanwa sana kwenye matofali yangu kwa makosa ambayo hakuyafanya. Kama anasoma haya, naomba ajue kwamba hatukuwa na kitu naye. Tulikuwa tunatafuta tu mtu wa kulaumu ambaye mama yake hayuko pale.

Maana namba tisa alikuwa mtoto wetu.

Na si mtoto hivi hivi. Ni kifungua mimba, na kwetu Ukambani kifungua mimba wa kiume hubeba jina la babu yake mzaa baba. Jina hilo mke wangu hawezi kulitamka. Baba mkwe ni mtu wa nthoni, ile heshima iliyo na aibu ndani yake: humkalii karibu, humtaji jina, na zaidi ya yote humwambii kwamba amekosea. Baba yangu alipofariki tulimzika pale shamba linapoanzia, na heshima yote aliyokuwa akipewa ikahamia kwa mtoto ambaye hata kufunga kamba za viatu hakujua. Mke wangu alimwita "baba" tangu akiwa mgongoni. Hakumchapa hata siku moja. Kijana akiacha viatu katikati ya mlango, mama yake alivisema viatu: "Nyinyi, nani amewafundisha kulala hapa?" Na viatu, kwa aibu, vilihamishwa.

Mimi ningeweza kumkosoa. Mimi si mkwe wa mtu pale. Lakini ukizoea kumwita mtu "mzee" tangu akiwa kwenye nepi, siku ya kumwambia ukweli ikifika mdomo unakuwa mzito. Yeye naye alijua cheo chake akakitumia. Alikuwa akiingia jikoni akamwambia mama yake, "Mke wa kijana wangu, chai iko?" Mimi nikichelewa kuamka, angesimama dirishani: "Kijana wangu, jua limekupita. Ama bado unangoja matokeo?" Tulicheka. Nyumba yetu ilikuwa na kicheko kingi, na nadhani kicheko hicho ndicho kilituficha kwamba hatukuwahi kumwambia yule kijana jambo lolote la maana.

Sasa tatizo la mbele lilikuwa hili, na kutoka kwenye matofali hata mke wangu na mbaazi zake aliliona. Kijana alipokea mpira vizuri akiwa amelipa goli mgongo. Alikuwa na kifua kipana kama cha babu yake, beki hakumtoa pale. Lakini hageuki. Anaukanyaga mpira, anafikiria, na akimaliza kufikiria beki wawili wameshafika kumsaidia kufikiria. Halafu anaurudisha nyuma. Sisi tulikuwa na kazi moja pale: tukiona hana mtu mgongoni tunapiga kelele, "Geuka! Geuka!" Mara nyingine aligeuka, akapiga, ndengu zangu zikalia. Mara nyingine hakugeuka kabisa. Goli lilikuwa halijaonekana muda mrefu, na ile mechi na chuo cha Kitui ilikuwa inakaribia.

Wiki hiyo alikuja kula akasema, huku akicheka, "Kocha ametoa sheria. Jumamosi nisipofunga, jezi inaenda kwa yule mgeni wa Mbumbuni."

Alicheka, lakini aliweka kijiko chini. Ile jezi kwake haikuwa nguo. Alikuwa anaifua mwenyewe, anaianika ndani ya nyumba ili jua lisile namba. Alikuwa amebakiza muhula mmoja chuoni na alitaka kuumaliza akiwa bado tisa. Mama yake akaangalia sahani. Mimi nikasema, "Mungu atasaidia," maneno ambayo nimeyatumia maishani kila mara kazi ilipokuwa yangu.

Habari zikafika kwenye matofali.

"Jirani, kamwambie," alisema mwenye duka. "Ageuke mapema. Neno moja tu. Wewe ndiye babake."

"Hapo ndipo shida ilipo," nikasema. "Baba ni yeye."

"Buda, acha mchezo," akasema wa boda. "Hiyo ni jezi ya mtoto wako iko kwa mnada."

Ijumaa jioni nilimkuta amekaa nje ya mlango, anapaka viatu vyake mafuta ya kupikia ili ngozi ilainike. Nikavuta kiti. Nilikuwa nimelibeba lile neno tangu asubuhi, nimelifanyia mazoezi hata kwa ng'ombe.

"Mzee," nikaanza.

"Naam, kijana wangu."

"Unaona mawingu ya upande wa Kibwezi?"

"Nayaona."

"Yanaweza kuleta kitu."

"Ama yasilete," akasema.

"Ama yasilete. Ni kweli."

Tukakaa. Kuku wakaingia kulala. Nikasema, "Kesho ni kesho," naye akakubali kwamba ni kesho, nikanyanyuka na kiti changu nikaingia ndani.

"Umemwambia?" mke wangu akauliza.

"Tumeongea."

"Umemwambia?"

"Tumeongea mambo ya mvua."

Aliniangalia kwa muda. Halafu akageuza macho, akayaelekeza kwenye kibanda cha kuku.

Nataka nieleweke hapa. Mke wangu anajua mpira kuliko mimi. Lakini kama huwezi kumwambia mtu neno, na hutaki akae bila kusikia kitu kutoka kwako, unafanya nini? Kwetu unapika. Jumamosi mchana alichinja jogoo, yule mwekundu aliyekuwa akituamsha, akatengeneza na muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakapikwa na maharagwe mpaka yakawa laini kama neno la pole. Akatandika kitambaa cha Krismasi. Sahani ya kijana ikaja na firigisi juu.

Firigisi ni ya mkubwa wa boma. Kijana aliiangalia, akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia mabati. Basi akaila. Akala paja, akala la pili, akala muthokoi, akaongezewa, akala. Angesema ana mechi. Angesema tumbo limejaa. Hakusema, kwa sababu alijua, kama mimi nilivyojua, kwamba mama yake alikuwa anaongea. Alikula kama mtu anayesikiliza.

"Asante, mama," akasema mwishoni. Hakumwita mke wa kijana wake. Akachukua begi lake akapita kwenye mwanya wa minyaa, akitembea polepole, mkono tumboni.

Siku hiyo matofali yalijaa. Hata wazee wa kanisa walikuja, na nilisikia kwamba kikundi cha akina mama kilikuwa kimewaombea vijana wetu wa mbele. Kipindi cha kwanza chuo chetu kilishambulia goli la juu, kwa hivyo sina la kusimulia ila vumbi. Kipindi cha pili walishuka upande wetu.

Namba tisa alikuwa mzito. Alikimbia kama mtu aliyebeba ndoo na hataki maji yamwagike.

"Leo huyu amebeba mzigo?" wa boda akauliza.

Nikaangalia ndengu. Huo mzigo nilikuwa nimeuona ukiwa bado na manyoya.

Mpira wa kwanza aliupiga ukaja ndenguni. Wa pili akaukanyaga, akafikiria, akanyang'anywa. Wa tatu vivyo hivyo. Hapo kijana wa boda akasimama juu ya matofali, akaweka mikono mdomoni, akaita jina la baba yangu, jina lote, kwa sauti ya kusikika hadi posho mill: "Wewe! Huo ni mpira ama ni yai unaatamia? Ng'ombe wewe!"

Ungo wa mbaazi ulianguka.

"Nani huyo," mke wangu akasema, "anayemtukana mzee wangu ndani ya boma lake?"

"Si mzee, mama," wa boda akasema. "Ni straika tu."

"Ni mzee." Akanyoosha mkono kuelekea mwanzo wa shamba. "Amelala pale. Mpigie kelele zako hivyo hivyo, anakusikia."

Hakuna aliyecheka. Kijana wa boda alivua helmeti, ambayo sijui kwa nini alikuwa bado ameivaa. Mwenye duka akainama akaanza kuokota mbaazi moja moja. "Tumekosa, mama," akasema kwa kile Kiswahili chake kizuri. "Tuwie radhi. Hatukukusudia kumvunjia marehemu heshima."

Na matofali yote yakanyamaza. Si kunyamaza kwa hasira. Ni kunyamaza kwa heshima, kule kwa msibani, ambako tunakujua vizuri kuliko kitu kingine chochote.

Ni katika kimya hicho mpira ulipokuja.

Ulitoka kwa winga wa kulia, yule yule tuliyemsingizia, pasi safi ya chini. Namba tisa akaupokea akiwa ametupa mgongo. Beki aliyekuwa akimshika alikuwa ameteleza kwenye changarawe, amekaa chini anashika goti. Mwenzake alikuwa mbali. Kati ya mgongo wa mtoto wangu na kipa wa Kitui hapakuwa na mtu. Palikuwa na majani, tena si mengi. Ningeweza kupita hapo mimi na mkokoteni.

Niliona. Neno lilikuwa mdomoni, limefika kwenye meno. Halikuwa na jina la mtu ndani yake, halikuwa na tusi, lilikuwa neno la kawaida la Jumamosi zote. Nikamwangalia mke wangu. Yeye pia alikuwa ameona. Alikuwa amesimama, kiganja mdomoni, macho yakimtoka. Kijana aliinamisha kichwa kidogo upande wetu, kama mtu anayesikiliza kama simu inalia chumba kingine.

Haikulia. Akaukanyaga mpira, akaurudisha nyuma.

Upande wa pili wa uwanja watu waliguna. Kocha akainua mkono, na yule mgeni wa Mbumbuni akavua koti la mazoezi akaanza kurukaruka kandoni. Mtoto wangu alitoka akitembea. Mechi iliisha bila kwa bila.

Jioni nilimkuta kwenye matofali amekaa peke yake, anafungua kamba. Jua lilikuwa bado liko. Nikakaa tofali la pili. Hakuwa na hasira, na hilo lilinisumbua.

"Mlikuwa mmeenda wapi?" akauliza.

"Wapi? Tulikuwa hapa."

"Hapa?"

"Hapa hapa."

Akaacha kamba. "Nilijua mmeondoka. Nikiwa nimewapa mgongo sioni kitu, baba. Mimi huwasikiliza nyinyi. Hata mkinitukana, nasikiliza tu sauti. Ikipanda, najua nyuma hakuna mtu, nageuka. Leo niliskiza, kukawa kimya, nikajua nimezungukwa."

Alikuwa ameniita baba. Maisha yake yote nilikuwa kijana wake, na hiyo siku nikapandishwa cheo, na sikukipenda.

"Hukuwa umezungukwa," nikasema. "Ulikuwa peke yako."

Ndilo neno la kwanza la kweli nililowahi kumwambia kuhusu mpira, na lilikuja wakati mechi imeisha na mbuzi wamerudi uwanjani.

"Peke yangu?"

"Peke yako kabisa."

Akatoa kiatu cha pili, akakigonga kwenye tofali ili mchanga utoke. Akakigonga kwa muda mrefu kuliko mchanga uliokuwemo.

Aliumaliza muhula bila kugusa mpira. Jezi aliifua, akaipiga pasi, akairudisha mwenyewe kwa kocha. Sasa yuko Kibwezi, anatandaza mabomba ya kunyunyizia maji kwenye mashamba yaliyo karibu na mto. Kazi nzuri, na hupiga simu. Huniuliza, "Mbele kukoje?" Namwambia kuko butu. Anasema, "Kama kawaida." Lile neno "kijana wangu" halisemi tena. Yule wa Mbumbuni naye hafungi, ndengu ni shahidi, na kwenye matofali sasa tunamtukana kwa uhuru wote, maana mama yake hayuko karibu. Mimi ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Mtu yeyote akipokea mpira ametupa mgongo, nasimama, "Geuka! Geuka!"

"Jirani," mwenye duka huniambia, "huyo ni beki wa wenzetu."

"Ageuke tu," nasema.

Majuzi alipata likizo akaja, na siku ya pili ikawa Jumamosi. Sikumwambia kuna mechi. Alisikia kelele mwenyewe, akatoka, akaja kukaa nasi. Hakuwa amewahi kukaa pale mechi ikichezwa. Siku zote alikuwa upande ule mwingine. Kijana wa boda akasogea kumpa nafasi, akamsalimia kwa heshima nyingi mno. Mama yake akaleta chai, akampa kikombe kwa mikono miwili.

Alitazama. Namba tisa mpya akapokea mpira, mgongo kwetu, beki mbali. Matofali yakalipuka. Akageuka, akapiga, mpira ukapita juu ya mwamba wa goli ukaja kwetu. Mtoto wangu aliinuka, kikombe mkononi, na kabla haujagusa ndengu akaupiga moja kwa moja, bila kuukanyaga, bila kufikiria. Ukarudi juu ya minyaa hadi katikati ya uwanja.

"Si ungepiga hivyo ile siku!" akasema wa boda, halafu akamwangalia mke wangu haraka.

Mke wangu aliendelea na mbaazi zake.

Kijana akacheka kidogo, akakaa. Alikuwa anaangalia goli, na nafasi iliyo mbele ya goli, na beki wakijipanga, kila mmoja mahali pake, wazi kabisa kama vyombo juu ya meza.

"Kumbe kutoka hapa," akasema, "kila kitu kinaonekana."

"Kinaonekana," nikasema.

Akanywa chai yake. Mpira ukaanzishwa tena.